Kongosho Lilindwe Kabla ya Jiwe Kutolewa

Miongoni mwa maradhi yanayomlazimisha mkazi wa visiwani kufunga safari ya kuvuka bahari kwenda kutafuta matibabu, yamo mawe ya nyongo yaliyoteremka na kuziba mrija. Ni maradhi yenye maumivu makali, na tiba yake ya kisasa ni jambo la kushukuru, kwani jiwe hutolewa bila ya tumbo kupasuliwa. Hata hivyo tiba hiyo ina madhara yake, na linalotokea mara nyingi zaidi kuliko mengine ni kuvimba kwa kongosho. Leo tumeonelea vyema kulizungumza jambo hili kwa sababu ipo dawa ya zamani, ya gharama ndogo, ambayo ikitolewa kwa wakati wake huipunguza hatari hiyo. Dawa yenyewe haihitaji mtambo wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji kukumbukwa tu, na kukumbukwa huko ndiko tunakotaka kufanywe kuwa kanuni.

Kwanza yafaa tueleze ugonjwa wenyewe. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hiyo huhifadhiwa katika kifuko kidogo kilicho chini ya ini mpaka itakapohitajiwa kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Ndani ya kifuko hicho kolesteroli na rangi ya nyongo huweza kuganda zikawa mawe, mengine madogo mfano wa chembe ya mtama, mengine makubwa mfano wa kunde au zaidi. Watu wengi huishi na mawe hayo umri wao wote pasipo kujua. Taabu huanza jiwe linapoteremka na kukwama katika mrija mkuu. Hapo nyongo hukosa njia, macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo hushika rangi ya chai kavu na choo hupauka. Ikiwa vijidudu vitapata nafasi ya kuzaana nyuma ya jiwe, mgonjwa hupandwa na homa ya kutetemeka, na asipotibiwa kwa haraka huweza kufa.

Zamani hapakuwa na njia ila kulipasua tumbo. Mabadiliko yalianza mwaka 1968, pale daktari William McCune na wenzake wa Washington, nchini Marekani, walipotangaza kwamba wamefaulu kuufikia mdomo wa mrija kwa kupitia njia ya chakula. Mwaka 1974 Meinhard Classen na Ludwig Demling wa Erlangen, Ujerumani, pamoja na Keiichi Kawai na wenzake wa Kyoto, Japani, kila upande kwa juhudi zake, walieleza namna ya kuukata mdomo huo kwa waya wa umeme ili jiwe lipate kutoka. Tangu wakati huo njia hiyo imeenea duniani. Katika karatasi za hospitali huandikwa kwa herufi nne, ERCP, na ni vizuri msomaji azikumbuke herufi hizo kwani ndizo atakazoziona katika barua yake ya rufaa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mgonjwa hupewa dawa ya kumlaza. Kisha mpira mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa mdomoni, ukashuka tumboni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo pana chuchu ndogo ya nyama, na katika ncha yake mna tundu ambamo nyongo hutokea. Daktari huingiza waya na kijirija katika tundu hilo, akatia dawa inayoonekana katika picha ya eksirei, akauona mrija na jiwe lililomo. Baada ya hapo huukata mdomo wa mrija kidogo, na jiwe huvutwa kwa kiputo au kwa kikapu cha waya.

Hatari iko hapo hapo penye tundu. Mlango ule si wa nyongo peke yake. Mrija wa kongosho nao humwaga maji yake mahali pale pale, na kwa watu wengi mirija hiyo miwili huungana kabla ya kutoka. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo, chenye kazi ya kutengeneza insulini na maji makali ya kusagia chakula. Maji hayo yana nguvu ya kusaga nyama, na kwa kawaida hulala bila ya nguvu hiyo mpaka yatakapofika katika utumbo. Waya ukigusagusa mlango mara nyingi, au ukapotea njia ukaingia upande wa kongosho, au dawa ya eksirei ikasukumwa upande huo, mlango huvimba na maji hukosa pa kutokea. Huamka yangali ndani, na kongosho huanza kujisaga lenyewe.

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kuvimba huku huwapata baina ya wagonjwa 3 na 10 katika kila 100 wanaofanyiwa kazi hii, na kwa wale walio katika hatari kubwa hufika 15 au kupita. Walio wengi hupona baada ya siku chache za kulazwa na kuwekewa dripu. Wachache hupatwa na ugonjwa mkali, sehemu ya kongosho ikafa, figo na mapafu yakashindwa kufanya kazi. Vifo ni chini ya 1 katika kila 100 ya waliofanyiwa, lakini kwa jamaa wa aliyefariki hesabu hiyo haina faraja.

Kwa miaka mingi madaktari walitafuta dawa ya kuzuia balaa hili. Walijaribu somatostatini, walijaribu gabeksati, dawa ambazo ziliweza kuhitaji saa nyingi za dripu, na matokeo yake hayakulingana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Jibu lililokuja kukubaliwa lilitoka katika dawa za kawaida kabisa za maumivu na uvimbe: indomethasini, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, na diklofenaki, iliyofuata katika miaka ya 1970. Dawa hizi huzuia mwilini vile viini vinavyouchochea uvimbe tangu hatua zake za mwanzo, kabla moto haujashika paa.

Mwaka 2003 madaktari wa Glasgow, Scotland, walitoa taarifa ya utafiti wa wagonjwa 220. Nusu walipewa kidonge cha kupachika cha diklofenaki cha miligramu 100, na nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Waliopata diklofenaki, 7 walivimba kongosho; waliokosa, 17. Mwaka 2007 madaktari wa Tehran, Iran, nao walitangaza matokeo ya kuijaribu indomethasini. Utafiti uliowafanya wengi wageuke ulitolewa mwaka 2012 na daktari Joseph Elmunzer na wenzake wa Marekani, nao ulikuwa na wagonjwa 602, wengi wao wenye hatari kubwa. Miongoni mwa 295 waliopewa indomethasini, 27 waliugua. Miongoni mwa 307 waliopewa kidonge kitupu, waliugua 52. Kwa hesabu nyepesi, kwa kila wagonjwa 13 wa namna ile waliopewa dawa, mmoja aliepushwa na ugonjwa.

Lilibaki suala la wakati, na la nani apewe. Mwaka 2016 madaktari wa hospitali sita za China walitangaza utafiti wa wagonjwa 2,600. Kundi la kwanza lote lilipewa indomethasini ndani ya nusu saa kabla ya kazi kuanza. Katika kundi la pili walipewa wale tu walioonekana kuwa na hatari kubwa, tena baada ya kazi kumalizika. Kundi la kwanza waliugua 47, kundi la pili 100. Hapa pana funzo kubwa: daktari hawezi daima kutambua mapema ni nani atakayeugua, na dawa inayotangulia hupata nafasi ya kuenea mwilini kabla ya madhara kuanza.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba si kila utafiti uliokubaliana na haya. Mwaka huo huo wa 2016 hospitali moja ya Marekani ilitoa taarifa ya wagonjwa 449 waliochukuliwa bila ya kuchaguliwa, wengi wao wa hatari ya kawaida, na haikuona faida. Lakini tafiti zote zilipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, mizani iliinamia upande wa dawa. Kwa hiyo chama cha madaktari wa fani hii barani Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kilipendekeza kwamba kila mgonjwa asiye na kizuizi apewe miligramu 100 za diklofenaki au indomethasini, kwa njia ya haja kubwa, mara tu kabla ya kazi kuanza. Kumeza vidonge au kuchomwa sindano hakujaonyesha manufaa ya kuaminika namna hiyo, na kuzidisha dozi ya indomethasini maradufu hakukuongeza kinga.

Neno kizuizi tumelitaja kwa makusudi. Dawa hizi hazimfai kila mtu. Mwenye mzio wa aspirini au wa dawa za jamii hiyo, pamoja na mwenye pumu inayochochewa nazo, asipewe. Mwenye figo mbovu, mwenye kidonda cha tumbo kilicho hai, na mama mjamzito aliyefika miezi ya mwisho, nao huachwa. Ni wajibu wa daktari kuuliza, na ni wajibu wa mgonjwa kusema kweli, hata kama jambo lenyewe ni la miaka iliyopita. Kwa wasioweza kuitumia, mwongozo huo wa Ulaya unaelekeza dripu ya kutosha ya Ringer's lactate, ilimradi moyo na figo vya mgonjwa vinaweza kuyahimili maji hayo. Kwa waliokwisha kupata dawa, hata hivyo, kuongeza maji mengi hakukuleta tofauti katika utafiti wa wagonjwa 826 wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2021.

Wala kidonge hiki kisichukuliwe kuwa badala ya mkono wa daktari. Penye hatari kubwa, daktari huweza kuweka kijirija chembamba cha plastiki ndani ya mrija wa kongosho ili maji yaendelee kutoka. Utafiti wa wagonjwa 1,950 wa Marekani na Kanada, uliotolewa mwaka 2024, uliwalinganisha wenye hatari kubwa waliopewa indomethasini peke yake na wale waliopewa dawa na kijirija kwa pamoja. Waliougua walikuwa 14.9 katika kila 100 kwa upande wa kwanza, na 11.3 kwa upande wa pili. Maana yake ni kwamba kila kinga ina nafasi yake, na moja haiondoi haja ya nyingine.

Na kinga iliyo kubwa kupita zote ni kutoifanya kazi hii pasipo sababu. Tangu mwaka 2002 kikao cha wataalamu kilichoitishwa na taasisi za afya za taifa za Marekani kilisema kwamba katika kugundua mawe, picha za sumaku na kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopitishwa ndani ya mwili huweza kulingana na ERCP, bila ya kumtia mgonjwa katika hatari hiyo. Basi ERCP iwekwe kwa ajili ya kutibu. Mgonjwa asiingizwe waya katika mrija kwa ajili ya kutazama tu, ikiwa kipimo kingine kingeweza kutoa jibu.

Sasa tuwageukie wakazi wenzetu wa visiwani, kwani jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Maumivu ya kongosho hayaanzi daima mezani. Mara nyingi huanza saa chache baada ya kazi, na wakati mwingine siku ya pili. Mkazi wa mjini aliye karibu na hospitali akianza kuumwa usiku hurudishwa kwa gari. Mkazi wa kisiwani ambaye, kwa haraka ya kurudi kwa watoto au kwa kukosa pa kulala, amewahi boti ya jioni, huenda maumivu yakamkuta katikati ya maji, au kwake usiku, mbali na aliyemtibu. Katika ugonjwa huu saa za mwanzo za kupewa maji na kupimwa ndizo zenye thamani. Mwongozo wa Ulaya tulioutaja unashauri kwamba mwenye maumivu, na ambaye ilikusudiwa aruhusiwe siku hiyo hiyo, apimwe damu baina ya saa 2 na 6 baada ya kazi. Nasi tunaongeza kwa upande wetu: anayetoka ng'ambo ya bahari asipande chombo siku ile. Alale karibu na hospitali, na akiondoka awe na barua inayoeleza alichofanyiwa na dawa aliyopewa, ili mganga wa kituo cha nyumbani asianze kubahatisha.

Dalili zenyewe ni maumivu makali juu ya kitovu, yanayoweza kupenya hadi mgongoni, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Asiambiwe mtu kwamba ni gesi tu, akapewa tangawizi na kuachwa mpaka asubuhi. Vile vile homa, choo cheusi kama lami au damu ni mambo ya kurudi hospitali mara moja, kwani kazi hii huweza pia kuleta uambukizo na kutokwa na damu.

Tunajua kwamba wapo wanaoona haya kwa dawa inayopachikwa njia ya haja kubwa. Haya ni sehemu ya utu wetu na hatuidharau. Lakini wazee wetu wamewapachikia watoto wenye homa dawa za namna hiyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyeona aibu. Mgonjwa aelezwe mapema sababu yake, pazia livutwe, na ikiwezekana muuguzi wa jinsia yake ndiye amhudumie. Akielezwa kwa heshima, ni nadra mtu kukataa kinachomkinga. Naye ana haki ya kuuliza kwa upole kabla ya kulazwa mezani: "Daktari, dawa ya kulinda kongosho nitapewa?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Kwa viongozi na maofisa wa afya tuna maneno machache. Uchunguzi wa madaktari wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba walio wengi hawakuwa wakitumia dawa hizi, ingawa baadhi ya tafiti zilikwisha kuonyesha manufaa. Ikiwa huko kwenye vifaa tele ujuzi ulikawia kufika mezani, hatuna sababu ya kudhani kwamba kwetu utafika wenyewe. Kila hospitali inayofanya kazi hii, au itakayoianza, haina budi kuiandika dawa hii katika karatasi ya matayarisho, mahali pamoja na jina la mgonjwa, mzio wake na saa ya mwisho aliyokula. Muuguzi aweke alama kwamba imetolewa, au aandike sababu ya kutotolewa. Jambo likiachwa katika kichwa cha mtu mmoja, siku asipokuwepo huondoka naye.

Bohari za dawa nazo zihakikishe kwamba vidonge vya kupachika vipo, na kwamba vinahifadhiwa mahali pa baridi, maana katika joto letu la Kaskazi huyeyuka na kupoteza umbo kabla ya kumfikia mgonjwa. Wanaoandika rufaa waeleze maradhi ya figo, vidonda vya tumbo na mzio wa mgonjwa, badala ya kuandika mstari mmoja wa macho kuwa manjano. Na palipo na mpango wa kugharimia wagonjwa wa rufaa, fedha za usiku mmoja au mbili za kulala karibu na hospitali zihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Gharama ya usiku huo ni ndogo mno ikilinganishwa na wiki kadhaa za mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Mwisho, hospitali ziweke daftari la matokeo: wangapi walifanyiwa, wangapi walipata dawa, wangapi waliugua. Takwimu za Glasgow na za China zimetufundisha, lakini takwimu zetu wenyewe ndizo zitakazotuambia kama mafundisho hayo tunayafuata. Zana za kuondoa jiwe bila ya kupasua tumbo ni ghali, na wataalamu wake husomeshwa kwa miaka. Itakuwa hasara isiyo na udhuru ikiwa baada ya gharama zote hizo mgonjwa ataumia kwa kukosa kidonge kilichokuwa kabatini. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na katika jambo hili tahadhari yenyewe iko ndani ya uwezo wetu tangu leo.